Damari Lazaro, Aliyemshonea Mke Mwenzake Shuka la Sinema

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani zetu Waislamu mlioacha shughuli zenu tangu juzi, wakwe zetu wa hapa Issuna, ndugu na marafiki wote, wakubwa shikamooni, na wadogo poleni kwa jua. Msomaji wenu ni Sara, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, niliyetumwa na familia, na zaidi nimetumwa na marehemu mwenyewe. Alikwenda kwenye misiba mingi, akasikia watu wakorofi wakisomewa upole ambao hata mbuzi wao hawakuwahi kuuonja, kwa hiyo mwezi wa pili mwaka huu alimwita mdogo wake kando ya kitanda akamwambia, "Sara, msije mkanizika mimi halafu mkamsoma mtu mwingine. Semeni nilikuwa na wivu. Na mseme Simeoni akiwa anasikia." Basi tutasema, na shemeji yetu Simeoni, aliyekaa pale mbele, atatuvumilia.

Marehemu Damari Lazaro Mughwai alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika kijiji cha Mgori, Singida, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Lazaro Mughwai, mkulima wa uwele na mfugaji, na mama Marietha, ambao wote wametangulia, na alibatizwa mwaka huohuo wakati wa mavuno. Mama yetu alipenda kusimulia kwamba mdogo wake alipozaliwa, Damari, aliyekwisha kuacha ziwa zamani na kuanza kuchunga mbuzi, alirudi mgongoni kwa mama akashikilia shingo, akasema huyo mgeni atafutiwe mgongo wake. Alishushwa kwa nguvu, akalia mpaka akalala, na alipoamka akamtazama mtoto kwa jicho ambalo mama alisema hakuliona tena mpaka siku sinema ilipoingia katika ndoa yake.

Alianza shule ya kijijini mwaka 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, na alikuwa na mwandiko mzuri na kichwa chepesi cha hesabu, ila mwalimu akimsifu mtu mwingine yeye aliumwa tumbo siku nzima. Mwaka 1968 alikwenda Singida mjini kwa mjomba, akajifunza ushonaji, na kufikia mwaka 1970 alikuwa na cherehani yake barazani karibu na soko, akishona sare za shule, majoho ya kwaya na magauni ya harusi, na wengi mliokaa hapa mmeolewa mkiwa mmevaa mkono wake. Alikuwa fundi hodari, mwenye mdomo, asiyekubali kazi irudi, na mteja aliyekwenda kwa fundi mwingine hata mara moja alikuwa akisalimiwa kwa kidevu tu.

Hapo barazani ndipo alipofika, mwezi Agosti mwaka 1973, kijana mmoja kutoka hapa Issuna, Simeoni Laurenti, akiwa amebeba shuka jeupe kubwa kama turubai la hema, limechanwa na upepo katikati. Vijana wa leo huenda hawajui, kwa hiyo tueleze. Simeoni alikuwa mpiga sinema wa serikali. Alikuwa na Landrova yenye jenereta, mashine ya sinema na spika juu ya paa, akizunguka Kinyangiri, Mgori, Issuna mpaka Manyoni, na giza likiingia tu hutundika shuka lake kati ya nguzo mbili, na kijiji kizima huketi chini kwenye vumbi. Kwanza zilikuja filamu fupi za mafunzo, za kuogesha ng'ombe, kuchimba choo, kuhifadhi uwele usiliwe na wadudu, na watu wakishameza dawa ndipo wanapewa sukari, yaani filamu ndefu za kizamani za watu wanaoanguka ngazi na kukimbizwa na mbwa, nyingine za kale kuliko Simeoni mwenyewe.

Damari alilishona shuka lile kwa mshono wa kurudia, akalifua, akalipiga pasi, na badala ya malipo akaomba kiti karibu na mashine. Alikaa kwenye kiti hicho mwaka mzima kila sinema ilipokuja karibu na mji, na tarehe 28 Septemba 1974, siku ya Jumamosi, walifunga ndoa takatifu. Walijaliwa watoto wanne, Raymond aliyezaliwa mwaka 1975, Loyce mwaka 1978, Jenifa mwaka 1981 na Antipasi mwaka 1985, ambao wote wako hapa.

Sasa tunafika pale tulipoagizwa tusiparuke. Mwaka 1977 Simeoni aliletewa filamu mpya fupi ya kufundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Ndani yake kuna mwanamke asiyetajwa jina wala kijiji, anateka maji kisimani, anayachemsha, anayachuja kwa kitambaa, anafunika mtungi, anawapa watoto kikombe, halafu mwishoni kabisa anageuka, anawatazama watu wote waliokaa kwenye vumbi, anatabasamu, na hapo unauona mwanya. Ni hayo tu. Lakini wanaume waliposhangilia, Damari hakuwatazama wao, alimtazama Simeoni, na Simeoni, ambaye filamu nyingine alikuwa akiziacha zijiendee huku yeye anapima mafuta ya jenereta, safari hii alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, anatazama.

Dada alirudi nyumbani bila kusema neno, na kwa waliomfahamu hiyo ilikuwa hatari. Siku ya pili alilifua lile shuka, kwa maana lilifuliwa nyumbani kila baada ya safari, na mdogo wake aliyemsaidia kukamua aliona kwamba pembe zote analifua kistaarabu, ila pale katikati, usawa wa uso wa yule mwanamke, analifikicha kama anayetoa damu ya kuchinja. Alipoulizwa lina nini, alisema, "Nimemtandikia mke mwenzangu shuka, Sara. Kwa mkono wangu, mshono wa kurudia. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yenyewe nimeishona."

Tangu siku hiyo aliapa hakanyagi tena kwenye sinema, na aliitimiza ahadi yake kwa miaka kumi. Lakini kutokwenda si kutojua. Kila mtu aliyetoka kijiji kilichopata sinema aliitwa barazani, akapewa kiti na maji, na swali lilikuwa moja tu, kama ile ya maji imeonyeshwa, na kama imerudiwa. Ikiwa imerudiwa, Simeoni alipofika alikuta ugali umepoa. Shemeji, mtu mpole asiyejua kosa lake, alikuwa akiula ukiwa umepoa hivyohivyo, na kusifu, jambo lililomwongezea mwenzake hasira. Jenifa alipoota meno yakatoka na mwanya, dada alimwangalia mume wake kwa wiki nzima kana kwamba amemleta yule mwanamke ndani kupitia tumbo lake mwenyewe, mpaka mama Marietha alipotoka Mgori kwa miguu kuja kumkumbusha kwamba bibi yake yeye Damari, mzaa baba, alikuwa na mwanya unaopitisha upepo. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ila dada hakukonda, alinenepa nao, na aliutunza kama watu wanavyotunza mbegu.

Hapo katikati, vifaa vilipokuwa adimu, kifaa cha sauti cha ile mashine kiliharibika na hakikupatikana kingine, picha zikabaki bubu. Simeoni hakuacha kazi. Alishika kipaza sauti, akawa anasema yeye mwenyewe maneno ya kila aliyeonekana kwenye shuka, ya bwana mifugo, ya mbwa, ya mzee anayeanguka ngazi, kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu, na vijiji vikapenda kuliko mwanzo. Habari hizo dada alizisikia, na zilimchoma sana, kwa sababu sasa alijua kwamba huko porini mume wake anakaa gizani na kuzungumza na yule mwanamke.

Mwezi Julai mwaka 1987 Damari alikuwa hapa hapa Issuna, amekuja kumsaidia mama mkwe kupura mtama, na gari la sinema likaingia kijijini. Alisema haendi. Mama mkwe alikwenda, watoto walikwenda, hata mbwa walikwenda, na alipobaki peke yake na ungo wake alijifunika khanga kichwani, akaenda kusimama nyuma ya watu, ili, kama alivyosema baadaye, amsikie mumewe akitongoza kwa masikio yake mwenyewe. Filamu ya maji ilianza. Mwanamke akachemsha, akachuja, na sauti ya Simeoni, ameilainisha iwe ya kike, ikasema, "Funika mtungi, nzi hana adabu." Watu wakacheka. Mwanamke akawapa watoto kikombe, na sauti ikasema, "Kunyweni polepole, haya si mashindano." Wakacheka tena. Halafu yule mwanamke akageuka na mwanya wake, na sauti ikasema, "Na mbakishieni baba yenu, hata kama amesahau njia ya kurudi."

Ndugu waombolezaji, hayo yalikuwa maneno ya Damari. Yalikuwa maneno ya jikoni kwake, kila moja, aliyokuwa akiwaambia Raymond na wenzake jioni ambazo baba yao yuko safarini, na watoto wakamsimulia baba aliporudi, na la mwisho alilisema akiwa na uchungu, hakulisema ili watu wacheke. Mwingine angefurahi. Mwingine angelia, akaona kwamba mume anapokuwa mbali humkumbuka mkewe. Dada yetu alikasirika mara mbili ya zamani, kwa kuwa kumwangalia yule mwanamke ni jambo moja, lakini kumpa mdomo wa mkeo ni jambo lingine. Aliondoka alipokuwa amesimama, akapita katikati ya watu moja kwa moja mbele ya mwanga wa mashine, na kivuli chake, na ungo aliosahau kuuacha, kikamfunika yule mwanamke mzima. Watu wakapiga kelele, "Mama, kaa chini! Toa kichwa!" Hakukaa. Alifika kwenye mashine, akanyoosha mkono, akasema, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi kijiji chote kilisikia, "Nipe hicho. Kama maneno ni yangu, nitayasema mwenyewe."

Simeoni alimpa. Akaurudisha mkanda mwanzo, akauendesha tena, na Damari akasema yote, kuchemsha, kuchuja, kufunika, kwa ukali wa mama mwenye watoto wanne, na yule mwanamke alipogeuka kutabasamu akamwambia, "Na wewe mwenye mwanya, ukimaliza kuchemsha, nenda kwenu." Wazee waliokuwapo wako hapa, wataeleza kilichotokea. Mama mkwe wake alicheka mpaka akashikwa kiuno, na wiki ile Issuna ilikosa masufuria ya kupikia kwa ajili ya kuchemsha maji.

Tangu hapo Damari alifuatana na mumewe kila alipoweza kufunga cherehani, na vijiji vikaacha kuuliza filamu ya maji, vikauliza ile ya mama anayegombana na picha. Kule Kinyangiri bwana afya alimshukuru hadharani, akisema mabango yake yalikuwa ukutani miaka mitano bila mtu kuchemsha hata kikombe, na mama huyu amewachemshia wote kwa kufoka. Watu wengi waliokunywa maji salama katika mkoa huu wamekunywa wivu wa dada yetu, na familia inaomba hilo lihesabiwe katika kazi zake. Wala wivu wenyewe haukupoa. Alipoulizwa kwa nini basi anakwenda, alisema anakwenda kulinda.

Kisha milango ya nchi ikafunguliwa, na kila kitu kikaingia. Mitumba iliingia sokoni, magauni yaliyoshonwa tayari yakamwagwa chini kwenye turubai, na baraza la dada likabaki na kazi ya kupunguza mikono na kubadili zipu. Video zikaingia mjini, kila mtaa ukapata banda lenye mapazia meusi na spika mlangoni, watoto wakawa wanatazama watu wakipigana mateke mchana kweupe, na gari la sinema likifika kijijini wanauliza kama kuna rangi. Tarehe 30 Juni 1994 Simeoni alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazini. Landrova ilibaki juu ya mawe. Mashine na jenereta alizinunua mnadani, shuka lilikuwa tayari nyumbani, na mikanda yote, ya mafunzo na ya kizamani, ilirundikwa nje ya stoo kwa ajili ya kuchomwa, akaambiwa kwa heshima ya utumishi wake achague mmoja.

Mmoja tu. Kulikuwa na yule mzee anayeanguka ngazi, aliyechekesha mkoa mzima. Kulikuwa na mbwa. Simeoni alirudi nyumbani na kopo la bati kwapani, Damari akalifungua, akainua ule mkanda akauelekeza kwenye jua la dirishani, akamwona. Alikaa chini. Aliuliza, "Kati ya wote, huyu?" Mume wake akajibu, "Ndiyo yenye sauti yako." Dada alimsimulia mdogo wake jibu hilo mara nyingi, na kila mara alimalizia hivihivi, "Sauti yangu angeisikia bure, Sara. Nilikuwa jikoni."

Walihamia hapa Issuna mwaka 1995, wakalima alizeti na mtama, na Simeoni akawa anaonyesha ule mkanda kwenye harusi na sikukuu, mkewe akisema, mpaka mwaka 1998 taa ya mashine ilipoungua na nyingine haikupatikana Singida wala Dodoma. Kopo likawekwa chini ya kitanda, upande wa Simeoni. Dada alilihamishia kwenye sanduku la vitambaa. Baada ya siku chache likarudi chini ya kitanda. Akalihamishia jikoni juu ya dari, likarudi. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake, na watoto walikuwa wakijua hali ya hewa ya nyumba kwa kuangalia kopo liko wapi.

Mwaka 2000 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu na kisukari, akatibiwa na kuendelea na shughuli zake, lakini mwezi wa pili mwaka huu wa 2003 moyo ulianza kushindwa kazi, akalazwa, akaruhusiwa, na tarehe 26 Mei akalazwa tena katika hospitali ya misheni. Simeoni hakutoka wodini. Siku tatu kabla ya mwisho alimnyanyua mgongo, akamshikia kikombe, na kwa ile sauti yake nyembamba ya kwenye spika akamwambia, "Kunywa polepole, haya si mashindano," na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka bila kujua wanachocheka. Dada hakucheka. Alimuuliza, Jenifa na mdogo wake wakiwa wanasikia, swali alilolibeba tangu mwaka 1977, kama alimpenda yule mwanamke.

Shemeji yetu si mtu wa maneno mengi yakiwa ya kwake mwenyewe. Alisema, "Nilimtazama, ndiyo. Alikuwa mzuri. Lakini nilipotakiwa kumsemea, Mama Raymond, sikujua mwanamke anasema nini akiwa nyumbani kwake, isipokuwa wewe." Dada alikishika kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Akasema, "Umechelewa. Lakini nimesikia." Akanywa maji yote.

Na wale mnaodhani hapo wivu ulikwisha, hamkumfahamu Damari. Kesho yake asubuhi alimwita mdogo wake na Jenifa, akatoa agizo, nalo tutalifikia. Aliaga dunia Jumatatu tarehe 9 Juni 2003, saa mbili asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliovumilia kusahihishiwa namna ya kutandika shuka. Tunaushukuru uongozi wa kanisa na wanakwaya, ambao majoho mliyovaa leo ameyashona yeye, tunawashukuru majirani wa Issuna mliochota maji na kupika, mafundi wenzake wa sokoni Singida, wakiwemo aliokuwa akiwasalimia kwa kidevu, watumishi wastaafu wa sinema mliotoka Manyoni na Itigi, na ndugu zetu wa Mgori mliofika usiku kwa baiskeli. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, Mungu anawajua.

Sasa lile agizo. Marehemu alisema kwamba lile kopo la bati alazwe nalo ndani ya jeneza, liwekwe miguuni wala si kifuani, kwa sababu yeye hawezi kwenda mbinguni akamwacha Simeoni ndani ya nyumba na yule mwanamke wakiwa wawili peke yao. Wazee walijadili jana kama inafaa kuzika chuma, mchungaji akasema watu huzikwa na miwani yao, na ikabaki kumuuliza mwenye nyumba. Shemeji aliingia chumbani, akapiga magoti, akalitoa kopo chini ya kitanda upande wake, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, na akaliweka mwenyewe, miguuni. Alichosema ni, "Sasa nani atanisemea?"

Damari, dada yangu, tumesoma kama ulivyotaka, na yeye amesikia. Shuka lile uliloshona ndilo tulilokufunika nalo, mshono wa kurudia upo usawa wa uso wako, na nyote wawili mnaenda pamoja. Pumzika kwa amani, na huyo mwenzako naye mwache apumzike.